Flati Moja

Mwalimu Khavere amechora mistari mitano ubaoni,
akaniuliza: noti hii ni gani?
Nikajibu: kidole cha pili, uzi wa tatu.
Akacheka hadi chaki ikamdondoka.

Miaka sita nimepiga fidla kanisani Huruma
bila kujua jina la kitu ninachokipiga.
Kwaya ikianza, sikio linatangulia,
mkono unafuata
kama mtoto na mamake Gikomba.

Leo naambiwa: kwenye ufunguo wa F kuna flati moja.
Mwalimu, kwetu flati hazihesabiki,
na funguo zote anazo keateka.

Hacheki tena. Anasema: ishushe hiyo B
nusu hatua, basi.
Na kidole changu, kumbe,
kimekuwa kikirudi nyuma papo hapo,
upana wa ukucha,
kila Jumapili, kwenye wimbo wa sadaka,
bila kuagizwa na mtu.

Ni kama kuishi na jirani miaka sita,
mnasalimiana kwenye ngazi, mnaazimana jiko,
kisha bili yake ya maji iletwe mlangoni kwako kimakosa
usome jina lake lote.

Jioni nashika Juja Road, kasha mgongoni.
Transfoma ya pale kona inanguruma kama kawaida.
Nasimama. Natega sikio.
G. Imepanda kidogo.

Mama mboga ananiuliza kama nimepoteza kitu.
Nusu hatua, namwambia.
Hata haifiki.