Kikonyo

Mama aliniachia cherehani ya kukanyaga,
mkasi usiofunga vizuri, na Zaburi
isiyo na jalada, iliyoshonwa mgongo
kwa uzi wa gunia.
Alama zake zilikuwa vikonyo vya karafuu.
Vimeacha madoa ya kahawia kwenye karatasi,
kwa hiyo najua bila kuuliza
alipokuwa akikaa sana.

Hakukaa penye malisho mabichi.
Pale ukurasa ni safi kama wa dukani.
Doa kubwa liko themanini na nane,
ile inayoanza gizani na kulala gizani,
wala hapana anayekuja kuwasha taa.
Utotoni nilidhani panya amekula
aya ya furaha.

Mwaka aliokufa Silvano niliisoma usiku,
umeme umekatika Limbani yote,
kibatari juu ya meza ya cherehani.
Nikafika mwisho, nikangoja.
Hakuna kitu.
Nikasema: kumbe inaruhusiwa.
Kumbe mtu anaweza kumwambia Mungu maneno haya
na Mungu akayatunza, asiyafute,
akayaacha yasomwe kanisani
na watu waliopiga pasi.
Nikalala. Si kwa raha. Lakini nililala.

Kanisa letu likijaa halijazi mabenchi matano.
Tukisoma kwa kupokezana, upande huu na ule,
upande ule huwa ni mzee Mabruki
na kikohozi chake.

Bi Raya alikuja kuazima sindano, akanikuta nasoma.
"Hiyo ndiyo Zaburi ya Nabii Daudi?"
"Ndiyo."
"Basi nisomee, nipumzishe miguu."
Nikamsomea ya kitanda kinachoelea kwa machozi.
Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka:
"Na godoro akalianika wapi?"
Kisha kimya.
Mwanawe yuko Maskati mwaka wa tatu, hapigi simu.
Akasema, "Rudia hapo penye kitanda."

Sasa hili la kitambaa.
Mwezi wa tano nilimwambia Maalim Shaame:
kanzu arubaini za watoto wa chuoni,
elfu kumi na mbili moja, mkono wangu huu.
Hatukuandikiana.
Mwezi wa saba kitambaa kimeshuka melini na bei nyingine,
na uzi, na hata vifungo vimejipandisha cheo.
Nikapiga hesabu kwa chaki juu ya meza:
kila kanzu itanila mia saba.
Nilishatunga maneno, mazuri, ya adabu:
Maalim, hali unaiona mwenyewe.
Hakuna ambaye angenilaumu.

Usiku nikafungua kitabu, si kwa kutafuta jibu,
kwa mazoea tu, kama unavyoujaribu mlango
unaojua umeufunga.
Kikonyo kikaniangukia mapajani.
Ya kumi na tano. Fupi, haimalizi ukurasa.
Inauliza nani atakayekaa nyumbani kwa Mungu,
nami nikategemea watu wakubwa,
wenye kufunga, wenye kukesha.
Ikanitajia mtu aliyeapa, akaona hasara,
asigeuke.
Mama alipiga mstari hapo kwa penseli,
na pembeni, kwa herufi zake za kupinda:
suruali za Bwana Posta.

Sijui habari yake. Suruali ngapi, hasara gani.
Najua tu kwamba alikaa kwenye kiti hiki,
akapiga hesabu, akaudhika.

Nami niliudhika, nisiseme uongo.
Nikamwambia Daudi: wewe ulikuwa mfalme,
nguo zako ulishonewa.
Kisha nikakata kitambaa.

Leo niko kwenye ya thelathini na moja.
Bei haijashuka. Mguu wa kulia unavuta.
Barabarani wameanika karafuu,
harufu imeingia mpaka kwenye uzi mweupe,
watoto watavaa bila kujua.
Kikonyo cha mama nimekirudisha themanini na nane;
kumi na tano nimeokota kipya, bado kibichi,
kinalowesha ukurasa.

Zimebaki tisa,
na mikono ya hii.