Herufi ya Mpini

Mhandisi Ssebuufu alifika Kilembe na begi jipya,
zipu zake bado zinanukia dukani,
akalaza weji tatu juu ya meza ya karakana,
meza ile ile niliyofungulia pampu za mgodi
shaba ilipokuwa bado na bei.
"Masereka, ng'oa mipini hii.
Niwekee migumu kuliko yote. Mimi napiga."

Sikubisha. Fundi habishani na mkono ulioshika noti.
Nilisema tu, twende kwanza shimo la tatu,
pale Nyamwamba ulipofurika ukaacha mawe
makubwa kama ng'ombe waliolala,
na nyasi zikajifunza kuyazunguka.

Akaanza na fimbo ndefu. Kweli, anapiga.
Mpira ulipaa ukapotea upande wa Kyanjuki,
mtoto mmoja juu ya ukuta akashangilia.
"Umeona?"
Nimeona.
Lakini weji si fimbo ya safari.
Weji ni ya kurudi nyumbani:
hatua sabini, hatua thelathini,
kuvuka jiwe moja na kutua kimya
kama anayeingia chumba alicholala mtoto.
Hapo hupigi kwa mwili mzima.
Unapiga nusu, robo,
mara nyingine pumzi tu,
na mpini mgumu hausikii pumzi.
Umekaa kama nondo ya dirisha:
kichwa kinagonga, habari haifiki kiganjani.

Na mlaini kupita kiasi nao ni mmbeya.
Unachelewa, unapinda, unatia chumvi,
mpira unapanda kama kishada
na upepo wa mlimani unauamulia pa kulala.

Nikachukua weji mbili za kujaribia,
nikazifunga utepe mweusi, nikaficha herufi.
Akapiga kumi na mbili kwa kila moja.
Ya kwanza: jiwe, jiwe, mchanga, mto,
jiwe tena, na neno la Kiganda nisilolitafsiri.
Ya pili aliishika tayari amechoka,
hasira imemwisha mabegani,
na mpira ukavuka, ukadunda mara moja, ukakaa.
Akarudia. Ukakaa.
Akatazama viganja vyake
kama aliyesalimiwa na mtu asiyemjua.
"Hii inaongea," akasema.
"Hii ndiyo ngumu, siyo?"

Nikabandua utepe.
R.
Chuma kizito, ndiyo, uzito unatuliza mkono,
lakini ulegevu wake daraja moja chini
ya fimbo zake nyingine zote.
Uso ukamshuka kama aliyesomewa matokeo ya mtihani
mbele ya wakwe.
"Wenzangu wa Jumamosi wataisoma," akanong'ona.

Wahenga walituambia mshika mpini hakatwi.
Hawakumwona mhandisi huyu
akikatwa na herufi moja.

Nina kopo la peremende lililojaa vibandiko.
Nikatafuta X, nikaifuta vumbi,
nikaibandika juu ya R, sawa sawa, bila mkunjo.
Elfu tano ya ziada.
Akaondoka akipiga mluzi.

Jioni nikafunga mlango, nikatoa weji yangu.
S. Niliuweka mpini huo mwenyewe
mwaka kiwiko hiki kilipoweza bado kufungua valvu iliyoshika kutu.
Nikamwita Kabugho, binti yangu:
chukua hii, na hizi mbili, zifunge utepe,
usiniambie ipi ni ipi.
Nyuma ya karakana kuna ndoo, hatua ishirini.
Nikapiga hadi macho yakashindwa kuona ndoo,
nikawa nasikia tu: nyasi, nyasi, bati,
nyasi, kisha ndoo. Ndoo. Ndoo.

"Ipi, baba?"
Hii.
Aliingiza kucha chini ya utepe,
akachungulia, akaanza kucheka taratibu,
cheko la mama yake.
Nikajua ni ile ya wazee.

"Funga tena," nikamwambia.
"Usinisomee."