Saa Mbili, Saa Nane

Kioo cha kushoto kinateremsha mistari,
mmoja kwa pumzi, miwili, kisha kumi kwa mpigo:
nani kaingia, kwa mashine ipi, kagusa nini.
Ghorofa ya nne, Mtaa wa Mkwepu.
Nje Dar haina upepo. Ndani kiyoyozi kinadondokea
kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi,
nami, Tumsifu Mbwambo, wa zamu ya usiku,
nalipwa ili nisisinzie.

Kazi yenyewe haina makuu.
Katika elfu, mia tisa tisini na tisa ni upuuzi:
printa ya masijala inabisha hodi kwa nywila ya mwaka juzi;
kijana wa tawi la Temeke kasahau herufi kubwa,
anakosea, anakosea, anakosea, anapatia.
Namwona hadi anavyopandwa na hasira,
ingawa mstari hausemi hasira.
Mstari unasema: mara tatu.

Tunaziita kumbukumbu.
Neno lilelile la arobaini ya babu,
la picha ukutani yenye ua la plastiki.
Ila hizi hazimlilii mtu,
wala hazimpunguzii marehemu madeni yake.

Bwana Kyaruzi ndiye aliyenifundisha kuzisoma.
Alivuta kiti, akafuta miwani kwa ncha ya tai,
akasema, "Usimwamini mtu. Hata mimi."
Tukacheka. Akaagiza chapati mbili, akalipa yeye.

02:07. Akaunti ya Kyaruzi imeingia.
Haikukosea hata herufi.
02:09. Imejipa mamlaka ya juu.
02:10. Imefungua mafao ya wastaafu.
02:16. Imefunga.

Halafu kimya.
Kioo kikatulia kama mtu aliyezibwa mdomo.
Kisha ukashuka mmoja, peke yake:
kumbukumbu zimefutwa. Na jina la aliyefuta.

Maana kufuta nako huandikwa.
Na vyote alivyovifuta kule
nilikuwa navyo huku, vya moto,
kila mstari ulikwisha kimbilia kwangu
kabla mkono wake haujaufikia.
Hilo pia alinifundisha yeye.

Nikasema, labda kaibiwa nywila.
Nilitaka iwe hivyo. Nilitaka mwizi,
mtu wa mbali, asiyejua nakunywa chai bila sukari.
Nikashuka ngazi hadi mapokezi.

Lupakisyo ana kauntabuku, kalamu imefungwa kwa uzi;
naye hukagua kama mimi, ila kwa tochi.
"Leo kaingia nani?"
"Hakuna. Bosi tu."
Akaweka kidole: Kyaruzi, kuingia, 8:02, sahihi.

Saa mbili na dakika mbili asubuhi,
ndivyo atakavyosoma mkaguzi wa kesho:
mtu kawahi kazini, kosa liko wapi?
Lakini Lupakisyo huandika saa anayoitamka.
Nane yake ni ya usiku huu.
Mbili ya mashine ndiyo nane ya Lupakisyo.

Nikabaki na simu mkononi, namba ya mkurugenzi tayari.
Viatu vikasikika vikiteremka, bila haraka.

"Bado uko macho, Tumsifu?"
"Ndiyo, bosi."
"Kuna jipya?"

Nilitafuta neno dogo kuliko yote.
"Lipo."

Alinitazama. Miwani hakuifuta.
Akavuta kauntabuku ili atoke kihalali,
akaangalia saa ya mkononi, akaandika 2:31.
Lupakisyo akacheka: "Umekosea bosi, hapa ni nane."

Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika upya,
akaiacha kalamu ininginie kwenye uzi wake.
Chini ya mkato
ile ya kwanza bado ilisomeka.