Nukta Namba 417

Porto, mvua ya Novemba, ghorofa ya sita.
Mbele yangu kiwambo, na ndani ya kiwambo mji wa Felgueiras
usio na mtaa wala harufu ya gundi:
nukta elfu moja na mia mbili, kila nukta kampuni,
kila uzi ankara ambayo bado haijalipwa.

Bosi anataka kujua: kiwanda kikubwa kikianguka,
nani atapiga chafya?
Nikakiangusha. Kwa kubofya tu.
Wekundu ukatoka kwa mkata soli ukaingia kwa msafirishaji,
ukaruka barabara hadi kwa muuza maboksi,
raundi ya tatu, ya nne,
kisha ukachoka wenyewe.
Siku hiyo nilikula nikashiba.

Kesho yake nikaangusha namba 417.
Ndogo, kama tone la chai kwenye shuka.
Belmiro Quintela na Binti, watengeneza vijicho vya shaba,
vile vya kupitishia kamba za viatu. Wafanyakazi tisa.
Kiwambo kizima kikawaka kama tanuri.

Kumbe viwanda sitini vimening'inia kwa mzee mmoja
na mashine aliyoinunua enzi za eskudo.
Hakuna aliyejua. Hata yeye.

Nikaandika ripoti. Niliiandika vizuri, Mungu shahidi:
huyu ni mhimili, nikasema, alindwe.
Kurasa arobaini.
Waliosoma, walisoma rangi.

Jumatatu benki ikamkata nusu ya mkopo.
Alhamisi muuza shaba akataka pesa mkononi kwanza.
Ijumaa bintiye, Odília, akapiga simu, ikazungushwa
meza hadi meza, ikatua kwangu:
"Tumekosa nini? Hatujachelewa hata siku moja."

Nikaangalia. Miaka kumi na tisa.
Hata siku moja.

Wanasema samaki mmoja akioza.
Huyu hakuwa ameoza.
Sisi ndio tuliomnusa kwa sauti.

Februari mji ulifuata mchoro wangu, raundi kwa raundi,
mkata soli, msafirishaji, muuza maboksi,
na mkurugenzi akanipa mkono mbele ya watu
kwa usahihi wa utabiri.

Asubuhi nainama mlangoni kufunga viatu.
Vijicho kumi na viwili vya shaba
vinanitazama
bila kijicho.