Uboho wa Asekenye

Soroti, saa nane usiku. Taa ya sola yafifia.
Chini ya lenzi, tone la uboho wa Asekenye,
miaka sita, homa ya nne tangu mtama uvunwe.

Humo seli mama hulala,
mbegu ya akiba ndani ya kibuyu kilichozibwa.
Usingizi wao ndio umri wetu.

Mchochota ukipiga ukunga, zinaamka:
hii iwe askari, ile nayo, na ile pia,
na iliyokwenda vitani hairudi kitandani.

Namjua mtu wa namna hiyo.
Baba, enzi za wezi wa ng'ombe,
alikurupuka kila mbwa alipobweka, mkuki mkononi.
Amani ikaja. Zizi lilikuwa tupu zamani.
Yeye bado alikesha mlangoni,
anakonda,
usingizi umesahau njia ya kwake.

Zilizobaki zimelala siwezi kuzihesabu;
darubini hii haizijui kwa sura.

Mama mtu anauliza, kwa Kiteso, kama homa imeshuka.
Imeshuka, namwambia.
Simwambii kwamba mifupani
wapo waliobaki macho,
wametega sikio.