Kibichi na Kikavu

Nilianza vibaya. Oktoba, mvua ya Rochdale
haijui kukatika, nami nikarundika
maganda ya viazi, makapi ya chai, sukuma iliyonyauka,
mbichi juu ya mbichi, nikafunika, nikangoja.
Wiki ya tatu lundo likanuka
kama gunia la vitunguu lililosahauliwa stoo.
Mume wangu akafunga dirisha, hakusema neno.
Kimya chake nacho kilinuka.

Doreen wa upande wa pili wa ua,
miaka themanini na mbili, gambuti, sigara isiyowashwa,
akachungulia: "Umelinywesha, hujalilisha."
Akanirushia maboksi niyachane mapana ya kiganja,
na gunia la majani makavu ya mwaloni wake.
Kibichi kidogo, kikavu maradufu.
"Chota ngumi moja, kamua.
Likidondoka tone, basi. Yakitiririka, ongeza boksi."
Nyama usitie, wala wali:
panya hawangoji kadi ya mwaliko.
Na kila Jumapili, uma mkononi,
cha chini kije juu,
cha ukingoni kiingie katikati.

Januari. Nyasi zimekuwa vigae.
Nimetoka zamu ya usiku, vidole havina habari nami.
Nikafunua.
Mvuke.
Nikazamisha mkono hadi kwenye kifundo:
joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi,
na kibiriti sikuwasha.

Februari tukamzika Alf wake.
Siku ya kumi Doreen akaja na mashada,
ameshang'oa waya, ameshafungua tepe.
"Kwangu hakuna nafasi," akasema,
mwenye bustani mara mbili ya yangu.
Maua yakavuka ua.
Tukayatandaza, waridi, yungiyungi, bila kusemezana,
tukayalaza chini ya boksi la televisheni
lililoandikwa UPANDE HUU JUU.

Wahenga walimwahidi mvumilivu mbivu.
Mbovu hakuna aliyeitaja,
na mbovu ndiyo iliyofanya kazi:
Agosti nikachota mboji nyeusi, nyepesi,
nyungunyungu wakikimbia mwanga,
na kiazi kimoja kilichojiotea bila ruhusa.

Nikampitishia Doreen ndoo nzima.
Akachakura kwa kidole, akaibua
kipande cha utepe wa zambarau kilichotuponyoka,
akakipangusa, akakitia mfukoni.
"Hiki," akasema, "hakiozi."
Kisha akaniuliza kama leo nina maganda.