Saa Iliyotangulia Dakika Mbili

Miaka kumi na mmoja wodi ya moyo, Wrexham,
ghorofa ya tatu, dirisha linatazama maegesho na mvua.
Nilijua usingizi wa mgonjwa na usingizi wa anayeondoka,
nilijua mshipa unaojificha, na jinsi ya kuubembeleza,
nilijua kumwambia mke wa mtu, "Keti kwanza."

Leo kifuani nina kibandiko kipya:
Nerys, Mwanafunzi.
Nina miaka thelathini na tisa, magoti yanalia ngazini,
na Lowri, mhudumu wa miaka kumi na tisa,
ndiye anayenionyesha taulo zinakowekwa.

Mama alipiga simu: "Kazi si ulikuwa nayo?"
Nikasema nimefunga macho mengi mno, mama,
nimefunga mifuko, nimefunga mapazia.
Nataka kukaa na wanaojifungua.
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka.

Siku ya kwanza mwanamke alipiga ukelele
na mkono wangu ukaruka wenyewe,
kwenye oksijeni, kwenye kengele, kwenye chochote.
Bi Tegwen akaushika kifundoni, taratibu,
kama anayekamata kuku mmoja bila kushtua wengine:
"Huyu haumwi. Anafanya kazi.
Kalia mikono yako."

Nikaikalia. Kweli kabisa, chini ya mapaja,
kwenye kiti cha plastiki, saa tano nzima.
Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba kutotenda ni ufundi, na unachosha
kuliko kufufua.

Uchungu. Neno ni lile lile.
Kule niliupima kwa namba, moja hadi kumi,
nikaufukuza kwa sindano.
Huku unakuja, unapanda, unakaa kileleni, unashuka,
nami nausindikiza
kama mgeni mkorofi ambaye ndiye aliyebeba zawadi.

Nimejifunza kutega sikio kwenye pembe ya mti
juu ya tumbo la mfugaji mmoja, Angharad,
aliyenicheka: "Hata kondoo zangu hupimwa kwa mashine."
Humo ndani, mbio tupu, mapigo mia na arobaini.
Kule ningelikimbilia toroli la dharura.
Hapa Tegwen anaandika: sawa.

Wanataka arobaini. Mikono hii ipokee watoto arobaini,
kila mmoja atiliwe saini, ndipo niitwe mkunga.
Siku za mwizi ni arobaini; na zangu pia.
Wa kwanza aliteleza kama mkunga yule wa baharini,
nusura aniponyoke.
Wa saba alikuja na kiganja shavuni, kama anayewaza.
Wa kumi na sita sitamsimulia.
Mama yake alimpa jina, ninalijua, inatosha.

Wa ishirini na tatu: damu.
Nyumba ya mlimani, taa ya jikoni,
ambulensi imekwama nyuma ya trekta,
na mishipa ya mama imenywea, imezama.
Tegwen akatafuta, akakosa, akanitazama.
Nikafumba macho, nikauacha ukucha wa kidole upumzike,
ncha yake ikaupapasa, ikaupata:
ule ule unaojificha. Nikaubembeleza.
Baadaye, akinawa, alisema tu:
"Kumbe hukuja mikono mitupu."

Saa yangu ya kifuani ni ya tangu kule,
imening'inia miguu juu, naisoma mwenyewe tu.
Hutangulia dakika mbili. Sikuwahi kuirekebisha.
Basi kila niliyemwandikia mwisho wake
nilimwongezea dakika mbili za dunia, kwenye karatasi.
Na hawa ninaowaandikia mwanzo
nimekuwa nikiwapunja mbili.

Jana usiku, saa tisa na kitu, wa ishirini na nne:
msichana, kilo tatu u nusu, amekasirika.
Lowri akauliza, kalamu mkononi, "Saa ngapi?"
Nikaiinua saa.
Nikatoa mbili kabla ya kumjibu.